Pimbi wa Saanane hakukimbia: haogopi binadamu, au hajui binadamu ni nani?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Igoma, Mwanza. Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto wa darasa la sita kisiwani Saanane. Pimbi mmoja alikuwa amejilaza juu ya jiwe, watoto wakamsogelea mpaka wakabakiza kidogo kumgusa, naye hakutikisika. Mtoto mmoja akaniuliza kama huyo ni miongoni mwa wale wanyama “wasiomjua binadamu” aliowasikia redioni, wanaogunduliwa kwenye misitu ambayo hakuna mtu aliyewahi kufika. Nilikosa jibu. Je, wanyama wa namna hiyo wapo kweli? Tanzania wapo? Na je, ni salama kuwaacha watoto wawasogelee?

Jibu: Marahaba mwalimu. Mpongeze huyo mtoto, kisha umwambie kwamba pimbi wake hayumo katika kundi la hao wa redioni. Pimbi wa Saanane anatujua vizuri mno. Kutoka Kapripointi kwenda kisiwani ni dakika chache tu kwa boti, na watu wamekuwa wakishuka pale kutazama wanyama tangu mwaka 1964, kisiwa kilipofanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Sasa piga hesabu ya vizazi vya pimbi vilivyozaliwa hapo katikati vikiona viatu, miavuli, chupa za soda na sare za shule, bila kuona mbwa wa kuwindia wala mtego. Habari zetu anazo. Amezipima, akaona hatustahili kumkatizia usingizi.

Hayo tunayaita mazoea. Mnyama asiyemjua binadamu ni habari nyingine, huyo tumwite mgeni wetu. Yupo na wa tatu, ambaye naye hakukimbii, na huyo ndiye aliyenifanya nikuandikie jibu refu badala ya mistari mitatu. Nitamfikia.

Kwanza tusidhani kwamba pimbi yule hana woga. Nimekaa na pimbi wa mawe yale asubuhi nyingi, saa wanapotoka kuota jua kabla ya kula. Wanajipanga ubavu kwa ubavu kama mikate kwenye sinia, macho nusu wazi. Ila ukitazama vizuri utamwona mmoja amekaa juu kidogo ya wenzake, halali, uso ameuelekeza angani. Siku moja nilikuwa hatua nne kutoka kwao, nimesimama na buti zangu, natafuta miwani mfukoni, na hakuna aliyejali. Kivuli cha tai kikapita juu ya jiwe. Kivuli tu, ndege mwenyewe sikumwona mpaka baadaye. Yule mlinzi akatoa sauti moja kali, na nilipogeuza shingo jiwe lilikuwa tupu, limebaki na joto lao. Woga walikuwa nao wote, kamili. Waliuweka kwa ajili ya yule aliyewahi kuwala.

Tuje kwa wageni wetu hasa. Maarufu kuliko wote ni wa visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki mbali na pwani ya Ekwado, ambako Charles Darwin alifika mwaka 1835. Aliandika kwamba bunduki pale haikuwa na kazi, kwa sababu yeye mwenyewe alimsukuma mwewe kutoka tawini kwa mdomo wa bunduki. Katika kisiwa kimojawapo alimkuta kijana amekaa kando ya kisima na fimbo mkononi, anawapiga njiwa na ndege wadogo waliokuja kunywa maji, ndicho kitoweo chake. Kisiwa hicho kilikuwa na wakazi tayari kwa miaka kadhaa, na bado ndege walikuwa wanakuja kisimani. Hilo ndilo lililomshangaza Darwin. Akahitimisha kwamba woga wa kumwogopa binadamu mnyama haupati kwa siku moja, bali hujengeka kizazi baada ya kizazi mpaka ukarithiwa.

Kwa nini mnyama aishi bila woga? Kwa sababu woga una gharama, mwalimu. Kila mara unapokimbia umeacha chakula, umetumia nguvu, pengine umemwacha na mtoto. Mahali pasipo na chui wala paka wala mtu, mwenye kukurupuka ovyo anakonda, na yule mtulivu anashiba na kuzaa. Baada ya maelfu ya vizazi wanabaki watulivu tu. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha aina 66 za mijusi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba kadiri kisiwa kinavyokuwa mbali na bara, ndivyo mjusi wake anavyomwacha mtu asogee karibu zaidi kabla ya kukimbia.

Na kuna utafiti mwingine wa Galápagos ninaoupenda, uliochapishwa mwaka 2007, juu ya mijusi wakubwa wanaokula mwani wa baharini. Watafiti waliwafukuza kwa miguu, kisha wakapima homoni ya taharuki katika damu yao. Mara ya kwanza homoni haikupanda: mjusi anakimbizwa, na mwili wake haujui kama hilo ni jambo. Baada ya kuwahi kukamatwa, homoni ikaanza kupanda, na mjusi akawa anakimbia mapema zaidi kuliko mwanzo. Lakini nyongeza hiyo ilikuwa ndogo, isingemwokoa na mbwa au paka. Kujifunza anajifunza, ila kasi ya somo haitoshi.

Ndiyo maana habari za kugunduliwa kwa wanyama wa namna hii mara nyingi huishia kuwa habari za msiba. Dodo wa Mauritius, ndege asiyeruka, alitoweka kabla ya kutimia miaka mia moja tangu Waholanzi waanze kushuka kisiwani. Mwaka 1741 Georg Steller, daktari wa msafara uliovunjikiwa na meli kaskazini ya Pasifiki, alimweleza kwa mara ya kwanza nguva mkubwa wa mita nane hivi aliyekuwa anakula mwani karibu na ufuko, na ambaye watu waliweza kumfikia kwa mashua bila yeye kujali. Kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27! Mtu aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi hakuwa amefika umri wa kuitwa mzee.

Sisi wa ziwa hili huwa tunataja furu, samaki wetu wadogo wa ziwani, hapa, na mimi mwenyewe niliwahi kuwataja hivyo darasani mpaka mwanafunzi mmoja akanisahihisha. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 furu wa aina nyingi wakatoweka katika maji ya Ghuba ya Mwanza. Wavuvi waliokuwa wanawavua kwa ndoo wakawa hawawaoni. Ni rahisi kusema furu hawakumjua sangara. Lakini furu hawakuwa wageni wa kuliwa, kambare alikuwepo, na hata kuna furu wanaokula furu wenzao. Ambacho hawakuwahi kukutana nacho ni mlaji wa ukubwa ule, tena wakati maji yenyewe yanachafuka na kupungukiwa hewa. Waliosalimika zaidi ni wale wa mawe mawe, mawe haya haya ya Mwanza tunayopigia picha. Kwa hiyo mfano ni wa karibu na swali lako, ila si wenyewe.

Mtoto alisema misitu ambayo hakuna aliyewahi kufika. Nadhani alichosikia ni habari za milima ya Foja, Papua, upande wa Indonesia. Mwishoni mwa 2005 msafara wa wanasayansi wa Indonesia, Marekani na Australia ulishushwa huko kwa helikopta, kwa kuwa hakuna njia wala kijiji. Wenyeji wa chini ya mlima wenyewe walisema hawafiki kule juu. Siku za mwanzo tu waliona ndege mla nekta ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Na kuna mnyama mmoja pale, ana miiba kama nungunungu, pua ndefu kama mrija, na hutaga mayai ingawa ananyonyesha. Sehemu nyingine huwindwa sana, huko kumwona ni bahati. Kule Foja waliwaokota wawili kwa mikono wakawabeba mpaka kambini kuwachunguza. Kuokota tu, kama unavyookota nazi.

Kwetu Afrika hali ni tofauti, na sababu yake ni ya kujivunia na kuhuzunisha kwa pamoja: binadamu alizaliwa huku. Tembo, nyati, swala na simba walimwona binadamu tangu alipokuwa anajifunza kushika jiwe. Walipata muda wa kujifunza woga kadiri sisi tulivyokuwa tunajifunza silaha. Wapo wataalamu wanaosema ndiyo sababu wanyama wakubwa walibaki Afrika wakati Australia na Amerika walitoweka wengi baada ya binadamu kuingia, na mimi naona hoja hiyo ina nguvu, ingawa wengine wanaitupia lawama hali ya hewa.

Woga huo una kina gani? Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, watafiti walifunga kamera na spika kwenye vidimbwi vya maji, wakawa wanapiga sauti za simba, mbwa, milio ya bunduki, na sauti za watu wakiongea kwa utulivu kabisa kama mtu anayesimulia habari za jana. Matokeo yalitoka mwaka 2023: karibu asilimia 95 ya aina za wanyama waliochunguzwa walikimbia zaidi, au waliondoka majini haraka zaidi, waliposikia watu kuliko waliposikia simba. Tembo mmoja aliposikia simba aliifuata spika akaivunja. Aliposikia watu? Tembo walichukua watoto wao wakaondoka. Na tembo wa Amboseli, Kenya, wanabagua hata nani ni nani. Nguo nyekundu, rangi ya Wamaasai, huwakasirisha kuliko nyeupe, na sauti ya mwanamume wa Kimaasai huwafanya wajikusanye pamoja, wakati ya mwanamke au mtoto haiwashtui kiasi hicho.

Kwa hiyo mtu akikuambia Tanzania kuna mnyama mkubwa asiyemjua binadamu, mwulize ni wapi hapo ambapo hakuna aliyepita na mkuki. Chukua kipunji, nyani wetu wa Mlima Rungwe, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe la kisayansi. Kwa sayansi alikuwa mpya kabisa. Kwa Wanyakyusa alikuwa na jina tayari, na alikuwa mwenye haya sana, kwa sababu anaiba mahindi na anajua kinachompata mwizi wa mahindi. Mnyama anaweza kugunduliwa leo huku mwenyewe alishatugundua sisi zamani.

Afrika nzima najua mahali pamoja palipokaribia hadithi ya huyo mtoto, Pembetatu ya Goualougo, kaskazini ya Kongo-Brazzaville, msitu uliozungukwa na mito na vinamasi. Watafiti walipoanza kazi pale mwaka 1999 walikutana na sokwe mtu ambao badala ya kukimbia walishuka matawi ya chini kutazama. Walikaa, wakaita wenzao waje kuona, wengine wakarusha vijiti kuona hiki kitu kitafanya nini. Sokwe wa Gombe hawakumpokea Jane Goodall hivyo mwaka 1960. Walikuwa wanatoweka akiwa bado mbali, na ilimchukua miezi mmoja wao kumruhusu asogee.

Sasa nikupe kisa chetu cha Ziwa Victoria, ambacho nashangaa hakisimuliwi mashuleni. Kisiwa cha Rubondo, kule Geita, hakikuwa na sokwe mtu hata mmoja. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt aliwaleta 17 kwa awamu, akawafungulia milango wakaingia msituni. Wengi walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wadogo, wakakulia vizimbani Ulaya. Hakuna aliyewafundisha kula matunda ya msituni wala kujenga kiota cha kulalia.

Na hawakuogopa watu. Wangeogopaje? Mtu kwao alikuwa ndiye mleta chakula, mfungua mlango, wa kuchezewa na wa kuchokozwa. Sokwe dume aliyekomaa ana nguvu za kumrarua mtu, na sokwe asiye na woga hakupishi njiani. Madume wawili waliwashambulia watu kisiwani, ikabidi wapigwe risasi. Sokwe wa msituni kabisa angesikia nyayo akaondoka zake, na hakuna ambaye angekufa.

Halafu likatokea jambo ambalo ndilo hasa napenda watoto wako walisikie. Waliobaki walijifunza kujenga viota, wakajua matunda ya kisiwa, wakazaa. Watoto wao hawakumjua mleta ndizi. Wajukuu wakawa sokwe wa porini hasa, wanaosikia mtu na kuyeyuka vichakani, mpaka hifadhi ilipotaka kuwaonyesha wageni ikabidi ianze upya kazi ya kuwazoesha taratibu, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Babu alikuwa anaokota karanga mkononi mwa watu, mjukuu hataki kuonekana. Na hapo hakuna aliyewawinda. Kwa hiyo kwa sokwe woga ni malezi kwa sehemu kubwa, tofauti na njiwa wa Darwin.

Ukinialika shuleni nitataka pia kuwasimulia habari za ndege wa asali. Ndege huyu wa porini, asiyefugwa na mtu, humfuata Mhadzabe kule Ziwa Eyasi, anapiga kelele mbele yake, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga, kisha anasubiri mtu apasue na kuondoka na asali ili yeye ale nta. Mhadzabe naye humwita kwa mluzi. Huyo haogopi kwa sababu ametujua kuliko wote, na tumekuwa na mkataba naye tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Sasa usalama. Hapa naomba usome polepole.

Wa tatu niliyemtaja ni mnyama mgonjwa. Bweha, nguchiro au fisi wa porini anayekuja kwako mchana kweupe, hana wasiwasi, pengine anayumba, pengine ametulia kama mbwa wa nyumbani, usimwone mpole. Kichaa cha mbwa huondoa woga. Watu wanasubiri waone povu mdomoni, na povu linaweza lisiwepo. Kwa binadamu ugonjwa huu kwa kawaida hutoka kwa mbwa wetu wenyewe, lakini wanyama wa porini nao huupata, na mtoto aliyeambiwa kwamba “kuna wanyama wasiotuogopa” ndiye atakayenyoosha mkono. Akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo mkaombe chanjo. Msisubiri mnyama afe wala mtoto augue. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea.

Pimbi wa Saanane si mgonjwa, lakini ana meno mawili ya juu yenye ncha kali na atayatumia ukimkamata. Tumbili ni mbaya zaidi. Mimi nilikwaruzwa mkono kwa sababu ya andazi nililolishikilia kana kwamba ni haki yangu, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimemrushia kipande dakika tano kabla. Wasipewe chakula, basi. Ukimlisha tumbili unamfundisha kwamba mfuko wa mtoto ni wake, na akishamng'ata mtoto atakayelaumiwa ni tumbili. Sokwe wana hatari ya upande wa pili: mafua yetu yanawaua. Ndiyo maana wageni wanaokwenda kuwaona Mahale huvaa barakoa na kubaki mita kumi nyuma, kwa saa moja tu.

Kiboko na mamba sikuwaweka katika hesabu hii. Hao wasipokimbia ni kwa sababu hawaoni sababu.

Badala ya kuwakataza watoto kusogea, wape kazi. Kwenye mawe ya shule yenu lazima kuna mjusi kafiri, yule dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa bluu, anayepiga pushapu akiona mwenzake. Jina lake la kisayansi limebeba jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Mtoto mmoja atembee kumwelekea kwa mwendo ule ule, moja kwa moja, bila kunyatia. Mjusi akikurupuka tu, asimame, ahesabu hatua kutoka hapo alipo mpaka mahali mjusi alipokuwa. Kipimo hichohicho ndicho walichotumia wale wa aina 66 za mijusi. Fanyeni mara kumi kwenye mawe ya karibu na mama anayeuza vitumbua, mara kumi kwenye mawe ya nje ya uzio ambako wavulana hupita na manati, muandike kwenye daftari. Kapripointi, penye watu wengi, mimi napata hatua mbili, wakati mwingine moja na nusu. Kwenye mawe ya wenye manati sijawahi kufika chini ya saba. Mniandikie za Igoma.